Landrova Iliyozaliwa Baridini

Umulkheir hakuwahi kuwa na mke mwenza, lakini kwa miaka kadhaa aliishi na Landrova, na kila alipoulizwa tofauti ni gani alijibu kwamba mke mwenza angalau husaidia kuchota maji.

Landrova hiyo ilifika Bulapesa, mtaa wa Isiolo, mwaka wa sabini na tano. Rangi yake ilikuwa ya majani yaliyokauka, milango yake haikufanana, na injini yake ya dizeli ilisikika kabla gari lenyewe halijaonekana. Mumewe, Kanchoro, aliipata kwa mzungu mmoja wa Timau aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao. Walijuana tangu zamani. Kabla Kanchoro hajawa mfanyabiashara wa mifugo anayejulikana mpaka Garbatulla, aliwahi kupanda kule kwenye baridi, kijana mwembamba mwenye shuka moja, akachunga kondoo wa mzungu huyo. Asubuhi, nyasi zikiwa nyeupe kwa sakitu, kazi yake ya kwanza ilikuwa kubeba makaa ya moto ndani ya karai na kuyaweka chini ya tumbo la gari, mpaka oili ilainike na injini ikubali kuamka. Aliipenda sana kazi hiyo. Ndiyo ilikuwa nafasi yake pekee ya kuota moto.

Kwa hiyo Landrova ilipoteremka Isiolo, iliteremka na mila zake zote.

Isiolo si Timau. Isiolo jua likichomoza halimsubiri mtu. Mabati huanza kulia mapema, na kuku hutafuta kivuli kabla watu hawajamaliza kuamkiana. Lakini Kanchoro hakushughulika na jua. Jioni aliifunika boneti kwa blanketi la sufi, lile jekundu ambalo Umulkheir alipewa na mamake siku ya kuolewa. Alfajiri, akitoka msikitini, alilifunua polepole, akalikunja kwa adabu, akapanda ndani na kuzungusha ufunguo upande wa kushoto. Taa ndogo ya hita ikawaka kama kaa. Akasoma Al-Fatiha bila haraka. Ndipo akapiga stata. Injini ikakohoa, ikatema moshi mweusi uliojaza ua wote, halafu ikaanza kutetemeka mahali pamoja. Kanchoro akashuka, akasimama mbele yake, kiganja juu ya boneti, kama mzazi anayepima homa ya mtoto.

Alifanya hivyo hata siku ambazo hakuwa na safari.

"Baba Asli, chai inapoa," Umulkheir alimwita kutoka jikoni. Asli alikuwa binti yao wa kwanza, aliyekuwa ameolewa Garbatulla.

"Ngoja kidogo. Gari inapata moto."

Chai ya maziwa ya ngamia ikishapoa huwa na utando juu, na Kanchoro hakupenda utando. Ikabidi ipashwe tena. Umulkheir akawa anapasha chai moto ili mumewe aweze kupasha gari moto, na mwisho wa wiki kuni zilikwisha haraka kuliko dizeli.

Ng'ambo ya ua aliishi Lokaale, Mturkana mrefu aliyekuwa askari polisi zamani na sasa alilinda lango la hospitali ya wilaya. Moshi wa Landrova ulipita kwenye miba ya ua ukaingia moja kwa moja chumbani kwake. Alivumilia msimu mmoja mzima, kisha siku moja akaja ameshika kitambaa puani.

"Habari ya asubuhi, Mzee Kanchoro."

"Nzuri, Lokaale. Karibu chai."

"Chai baadaye. Nataka kuuliza tu. Hapa Isiolo hata mawe yako na moto. Hii gari unaipasha ya nini?"

Kanchoro alimtazama kwa huruma. "Injini haijui iko Isiolo," alisema. "Ilizaliwa baridini. Ukiiamsha kwa haraka, unaiua."

"Mimi pia nilizaliwa Lodwar, kwenye jua. Lakini nikiwa Nyahururu kwa kazi nilivaa koti."

"Wewe ni mtu. Unaweza kuambiwa."

Lokaale alirudi kwake akikohoa. Tangu siku hiyo alilala dirisha limefungwa, na joto likamtesa kuliko moshi.

Umulkheir aliyaona hayo yote kutoka jikoni. Yeye mwenyewe aliuza chai na mahamri karibu na soko la mifugo, na alizoea kubeba birika na masufuria kichwani huku Landrova ikibaki nyumbani inapumzika. Siku moja alimwambia mumewe amfundishe kuendesha. Kanchoro alicheka, si kwa ubaya, kama mtu anayemcheka mtoto aliyetaka kuchinja ngamia.

"Kwanza ujue kuipasha moto. Hiyo peke yake ni kazi ya miaka."

Umulkheir hakuomba tena. Aligeuza mahamri yake.

Mwezi wa saba mwaka wa sabini na tisa, Kanchoro alipata ujumbe kutoka kwa Salesio, Mmeru aliyechunga naye kondoo ujanani na sasa alikuwa na shamba lake la viazi na ngano. Salesio anamwoza binti. Tena anaomba jambo: Kanchoro alete Landrova, ili bibi harusi apelekwe kanisani ndani ya gari ambalo babake aliwahi kulisukuma.

Kanchoro alikuwa na kikohozi siku hizo, lakini heshima hiyo ilimponya kwa muda. Aliiosha Landrova mpaka ikaonyesha kutu ambayo hakuna aliyeijua. Umulkheir alifunga mizigo, akaweka blanketi jekundu juu kabisa, kwa kuwa alikijua kitu kimoja kuhusu Timau: kule baridi ni ya kweli.

Shamba la Salesio lilikuwa nje ya mji wa Timau, pale barabara inapochoka kupanda na kuanza kuteremka kuelekea Subuiga na Isiolo. Walifika Ijumaa jioni, ukungu umelala juu ya ngano. Salesio aliwakumbatia, mamake Salesio, mwanamke mzee mwenye mikono mikubwa, akawavuta ndani mpaka mbele ya moto. Walikula viazi na nyama ambayo mwenyeji wao alihakikisha imechinjwa na Mwislamu wa Timau. Nyumba ya mbao ilikuwa na joto, mazungumzo yalikuwa mazuri, na kila baada ya hadithi moja Kanchoro aliinuka, akasema anakwenda kuangalia kitu nje.

"Huyu ana shida ya tumbo?" mamake Salesio alimnong'oneza Umulkheir.

"Hapana. Ana shida ya gari."

Alfajiri Umulkheir aliamka kwa baridi. Blanketi jekundu halikuwapo. Blanketi la wenyeji halikuwapo pia. Wala mume. Alijifunga shuka lake, akatoka nje, na kulikuwa na manyunyu membamba yanayouma kama sindano. Landrova ilikuwa imefunikwa mablanketi mawili, nadhifu, bila hata kona kuning'inia. Chini yake palikuwa na karai la makaa. Kando ya karai alichuchumaa Kanchoro, koti limelowa mpaka ndani, anapuliza moto ili mvua isiuzime.

"Baba Asli! Ingia ndani, utakufa."

"Leo inabeba bibi harusi," alisema, meno yakigongana. "Ikikataa kuwaka mbele ya watu, nitaficha uso wapi?"

"Na wewe ukikataa kuwaka?"

Kanchoro alikohoa, akapuliza makaa.

Injini iliwaka kwa stata ya kwanza. Watu wa kule walikiri hawajasikia dizeli ikiitika upesi hivyo asubuhi ya mwezi wa saba. Salesio na wanaume wengine walishatangulia kanisani kwa miguu kupanga viti, wakiwa na uhakika kwamba mambo ya gari yako mikononi mwa mtu anayejua. Wasichana walitoka na maua ya karatasi na riboni nyeupe na za waridi, wakaivika Landrova kutoka kioo hadi mataa. Kanchoro alikaa nyuma ya usukani kusikiliza mlio. Ulikuwa mlio mtamu kweli, mzito, usio na kikwazo. Bibi harusi alikuwa bado anasukwa nywele. Hakukuwa na haraka.

Halafu honi ikalia.

Ililia bila kukatika. Umulkheir, aliyekuwa akikoroga uji na wapishi, alidhani mumewe amekasirika kwa kucheleweshwa. Honi ikazidi. Alikwenda akiwa ameshika mwiko, tayari kumwambia kwamba bibi harusi si ng'ombe wa kuswagwa, akamkuta Kanchoro amelalia usukani, paji la uso juu ya honi.

Alimvuta nyuma. Ngozi yake iliunguza. Kifua kilipiga mluzi, pumzi fupi fupi kama ya mbuzi aliyekimbizwa na fisi, na macho yalikuwa wazi lakini hayakumwona mtu. Landrova ilinguruma taratibu chini yake, imepata moto wa kutosha, tayari kwenda popote duniani.

"Anahitaji hospitali," mamake Salesio alisema. Alikuwa amekuja nyuma yake na alihitaji kumtazama mara moja tu. "Mapafu hayo. Nimezika mume kwa mapafu kama hayo."

"Nani anaweza kuendesha?" Umulkheir aliuliza.

Wanaume walikuwa kanisani, na kati ya hao hakuna aliyewahi kushika usukani isipokuwa wa trekta, tena miaka ya mzungu. Barabarani, ukungu ulikuwa mtupu. Hakuna gari lililopita tangu asubuhi.

"Wewe," mamake Salesio alisema.

"Mimi?"

"Umekaa na huyu mwanaume miaka yote. Hujui vile anafanya?"

"Najua vile anafanya. Sijui vile gari inafanya."

"Basi utajua njiani. Inawaka tayari."

Walimsogeza Kanchoro upande wa pili, wakamfunga mablanketi yote mawili, ambayo sasa yalikuwa na joto zuri la injini. Bibi harusi alitoka, nusu ya kichwa imesukwa, akaona riboni zake zinaondoka, akaanza kulia. Nyanyake alimwambia Mungu amempa miguu miwili na kanisa si mbali.

"Nenda Nanyuki," mwanamke mmoja alishauri. "Kuna hospitali kubwa."

Umulkheir aliangalia. Landrova ilikuwa imeelekea langoni, pua ikitazama upande wa Isiolo, na nje ya lango barabara ilipanda upande wa Nanyuki na kuteremka upande wa Isiolo. Alijua kwa hakika kitu kimoja tu, kwamba kila kitu duniani, hata chungu chenye ufa, kinajua kuteremka.

"Nanyuki iko nyuma," alisema. "Naenda mbele."

Alikanyaga pedali ya kushoto, kama alivyomwona Kanchoro akikanyaga mamia ya asubuhi alipokuwa akiitoa uani. Akasukuma mti wa gia. Ulikwaruza, ukalia, ukakubali kuingia mahali fulani. Akaachia mguu. Landrova iliruka kama dume la ngamia lililochomwa mwiba, ikapita langoni ikiwa imebeba ufito mmoja wa uzio ambao haikuingia nao, ikaingia barabarani. Umulkheir alisoma kila dua aliyoijua na nyingine alizokumbuka nusu.

Gia iliyokubali ilikuwa ya pili. Yeye hakujua, na hata angejua asingebadilisha. Kitu kikikubali, usikisumbue. Injini ilipiga mayowe mteremko mzima. Ilikuwa baraka asiyoijua: gia ile ndiyo iliyoshikilia gari lisitimke, kwa kuwa breki alizigusa kwa woga, kama mtu anayegusa sufuria ya moto.

Katikati ya mteremko Kanchoro alifungua macho. Si kwamba alipata nafuu. Aliamshwa na ule mlio.

"Tatu," alisema kwa sauti ya kaburini.

"Nini?"

"Weka gia ya tatu. Unaua injini."

"Nyamaza. Wewe ni mgonjwa."

"Mama Asli, nasikia inalia..."

"Acha ilie. Mimi pia nalia, na hujaniuliza."

Akafumba macho, na machozi yakamtoka, na Umulkheir hakujua kama ni ya homa au ya injini.

Hakuwa amezifikiria zile riboni mpaka walipofika kwenye mashamba ya chini. Wanawake waliokuwa wakipalilia kando ya barabara waliinua majembe na kupiga vigelegele. Lori la kondoo likawajia kutoka nyuma. Dereva akapiga honi ya furaha kwa muda mrefu, akawapita akipunga mkono. Pale Subuiga kulikuwa na kizuizi cha polisi. Umulkheir alikiona kutoka mbali, akaona misumari ya chuma imelala barabarani, na moyo ukamshuka mpaka kwenye pedali. Asingeweza kusimama. Akisimama, ataondokaje tena? Hapa hakuna mteremko.

Afisa mmoja aliona maua, akaona mtu amefunikwa blanketi jekundu kama bwana aliyechoka na sherehe, akacheka, akaivuta misumari kando kwa mguu wake. Alipiga saluti walipopita. Umulkheir aliitikia kwa kichwa. Mikono haikuweza kuachana na usukani.

Kisha miti ikaisha, nchi ikafunguka, na joto la Isiolo likawapiga usoni. Hakuwahi kulifurahia joto kiasi kile. Aliteremka mpaka mjini na gia yake moja, mbuzi wakimpisha, watu wakitoka madukani kushangaa. Bulapesa nzima iliijua Landrova hiyo. Bulapesa nzima iliona maua. Kabla hajafika hospitalini, habari zilikuwa zimemtangulia: Kanchoro ameoa mke wa pili huko Timau, na huyo wa kwanza ndiye amelazimishwa kumleta.

Langoni alikuwa Lokaale, na fimbo yake ya ulinzi. Umulkheir alikanyaga pedali zote alizozipata. Landrova ilisimama, pua yake ikigusa lango.

Lokaale aliangalia riboni, akamwangalia aliyeshika usukani. "Mama Asli," alisema, "mzee ameoa?"

"Mzee anakufa. Fungua mlango, mtoeni!"

Wauguzi walikuja mbio na machela. Walipombeba Kanchoro, Lokaale aligundua kwamba Umulkheir bado amekaa, mgongo umenyooka, jasho linatiririka, miguu imekaza.

"Shuka basi, mama."

"Sishuki. Nikitoa mguu, itaondoka."

Lokaale aliwahi kupanda magari ya polisi ya kutosha. Aliingiza mkono dirishani, akautikisa mti wa gia mpaka ukalegea. "Nimeweka fri. Toa mguu."

Alitoa mmoja. Akatoa wa pili. Hakuna kilichotokea. Akashuka, akamkimbilia mumewe.

Lokaale, kwa nia njema, alizungusha ufunguo ili azime gari. Injini iliendelea kunguruma. Aliuchomoa ufunguo kabisa, akaushika mkononi. Iliendelea kunguruma. Aliutazama ufunguo, akaitazama Landrova, akafanya ishara ya msalaba na kurudi kwenye kibanda chake. Hakuna aliyemwambia kwamba gari la namna ile halizimwi kwa ufunguo. Kuna kitufe cha kuvuta, na aliyekijua alikuwa anachomwa sindano.

Nimonia, daktari alisema, pande zote mbili, na angechelewa kufika mpaka jioni wangekuwa wanazungumza mazishi. Kanchoro alilazwa kitanda cha dirishani. Mchana, dawa zilipoanza kumshika, Umulkheir alikuwa ameketi kando yake akisubiri neno la kwanza. Alitegemea shukrani. Alikuwa tayari kuzikataa kwa unyenyekevu. Kanchoro aligeuza kichwa kuelekea dirishani, akasikiliza kwa makini.

"Hiyo ni Landrova?"

"Ndiyo."

"Bado inawaka?"

"Imekataa kuzimika. Lokaale ana ufunguo mkononi na yenyewe inaendelea."

Uso wa mgonjwa ulilainika kwa mara ya kwanza tangu Timau. "Wacha ipate moto," alisema, akalala.

Muuguzi akaja kuuliza gari la nani linajaza moshi kwenye wodi ya watu wa kifua. Umulkheir alisema hajui, na kwa kweli wakati ule alihisi hajui. Alasiri akapita Lowoi, dereva wa lori la mifugo, aliyekuja kumsalimia mgonjwa. Aliingiza mkono ndani ya Landrova, akavuta kitufe kimoja kidogo. Kimya kikashuka juu ya hospitali nzima, na wagonjwa wakaulizana nini kimetokea.

Kanchoro alipona, polepole na kwa masharti. Daktari alimkataza vitu viwili maisha yake yote: baridi ya alfajiri, na moshi. Akiswali Alfajiri, aiswalie ndani. Umulkheir alimwomba daktari arudie tena maneno hayo mbele ya mgonjwa, kwa sauti, kwa Kiswahili, kisha akayarudia mwenyewe kwa Kiborana ili kusibaki shaka.

Landrova ikabaki uani bila mtu. Mwanzo Kanchoro alijaribu kuipasha moto kwa mdomo. Alisimama ndani, nyuma ya dirisha lililofungwa, akamwelekeza mkewe: geuza kushoto, ngoja taa, soma Fatiha, usiharakishe. Umulkheir aligeuza kushoto, akangoja taa, akasema Bismillahi, akapiga stata, na kabla moshi haujafika kwenye ua wa Lokaale alikuwa ameshatoka langoni na birika zake za chai nyuma.

"Itakufa kabla ya mwezi kuisha!" sauti ilisikika kutoka dirishani.

Haikufa. Lowoi alimfundisha gia zilizobaki kwenye uwanja wa ndege, mahali ambapo hakuna cha kugonga isipokuwa punda, na kurudi nyuma kulimchukua muda mrefu kuliko yote, maana hakuona sababu ya kutaka kurudi ulikotoka. Kisha Umulkheir akaenda kutafuta leseni. Afisa wa mtihani alizunguka naye mji mzima, hakuona kosa, na mwishoni, ili asionekane amempa mwanamke leseni kirahisi, akauliza swali la mdomo.

"Mama, asubuhi, kabla ya kuondoa gari, unafanya nini?"

Alitaka kusikia habari za maji, oili na magurudumu.

"Nakunywa chai," Umulkheir alisema.

Afisa alicheka mpaka akavua kofia. Alimpa leseni, na jibu hilo likafika Bulapesa kabla yake, kama kawaida ya habari zake.

Miaka ikapita. Kila msimu Kanchoro alitabiri kifo cha injini, na kila msimu injini ilimwaibisha. Ukame wa themanini na nne ulipokuja, ng'ombe wake wengi walikwisha, na biashara ya mifugo ikawa maneno matupu. Landrova ndiyo iliyolisha nyumba. Umulkheir alibeba maji, alibeba wagonjwa, alibeba watu na masanduku yao kutoka kwenye maboma yaliyohamwa. Alipoulizwa sokoni imekuwaje gari kuukuu namna ile lidumu mikononi mwa mtu asiyelipasha moto, Kanchoro hakukosa jibu.

"Ni ule moto niliouweka mimi," aliwaeleza watu. "Miaka yote ile, kila asubuhi. Bado haujaisha. Yeye anautumia tu."

Lokaale, aliyekuwa amestaafu lango na sasa alilala dirisha wazi, alikubali kwa kichwa. Alisema inawezekana. Alisema hata yeye, moshi wake bado anao mwingi kifuani.

Mvua zilipojaribu kurudi, kikundi cha wanawake wa Bulapesa kilisikia kwamba mashamba ya kumwagilia maji kule Rapsu, karibu na Kinna, yamepata mahindi na vitunguu. Walimwomba Umulkheir awapeleke kununua. Asubuhi ya safari walikuwa wamejaa uani, magunia matupu kwapani, wakiongea wote kwa pamoja. Kanchoro alitoka amevaa koti na kofia yake safi. Alitaka kwenda, ana rafiki Kinna, na tena njia hiyo ina mchanga, gari linahitaji mtu mwenye ujuzi karibu.

Mbele palikuwa na viti vya wawili tu kando ya dereva, na tayari vilikuwa vimekaliwa na wanawake wazee wawili wenye miguu mibaya.

"Nitakaa wapi?" Kanchoro aliuliza.

"Nyuma kuna nafasi, Baba Asli," Umulkheir alisema kutoka usukanini. "Lakini funika kifua."

Alisimama kidogo, mkono juu ya mlango, akiangalia wale wazee wawili ambao hawakumtazama. Kisha akazunguka nyuma. Wanawake walimshika mikono wakamvuta, mmoja akamtandikia gunia. Alikaa, akarekebisha kofia, akahakikisha kila mtu amepanda na kwamba mlango wa nyuma umefungwa sawasawa. Baada ya hapo, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kazi hiyo, aligonga bodi mara mbili kwa kiganja, kama utingo wa lori, na Umulkheir akaondoa gari.